Pesa Yako Bado Ninayo

Dar es Salaam
Jumatano usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo haitaki kukata toka juzi. Naandika haraka maana Mama Zuhura anapanda basi la alfajiri, na barua hii pamoja na kifurushi anakuja navyo yeye. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Elfu arobaini na tano yako niliipata Jumatatu na bado ninayo yote. Triga, kile kifaa cha kuiwasha flashi ya pembeni bila waya, sijanunua. Najua harusi ya kwa Mzee Kombo ni Jumamosi, na najua umeshamwahidi bwana harusi picha zenye mwanga wa pembeni kama zile za Salma. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Kariakoo nilikwenda kama ulivyonituma. Boksi nilikuwa nalo mkononi, Godox CT-16, transimita moja na risiva moja, zile za masafa ya 433 MHz. Nikaichomeka juu ya kamera yangu, Canon 60D, nikabonyeza, flashi ikawaka kule kwenye rafu. Muuzaji akaanza kuandika risiti. Ndipo nikaikumbuka ile picha uliyonitumia siku uliyonunua kamera, umeilaza kitandani juu ya shuka la maua. Nikaifungua kwenye simu, nikaikuza pale juu, kwenye reli ya kuchomekea flashi. Hamisi, kamera yako haina kidoti cha kati.

Ichukue uitazame sasa hivi. Kwenye kamera nyingi za Canon, ndani ya reli ile kuna vidoti vinne vidogo, na katikati kimoja kikubwa cha duara. Kile kikubwa ndicho kinachotoa amri. Shata, lile pazia la ndani linalopitisha mwanga, ikifunguka, kamera inakiunganisha na chuma cha reli, na flashi inawaka. Triga za bei nafuu hazijui kitu kingine zaidi ya hicho. Sasa Canon wamekiondoa kwenye 2000D yako, na kwenye 4000D na 250D vilevile. Vile vidogo vimebaki, lakini vinaelewana na flashi za Canon na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yao tu. Nilipomuuliza muuzaji, akanijibu triga hii inaingia kamera yoyote. Inaingia, ni kweli, lakini kuingia si kuwaka. Ningekutumia, ungeichomeka Jumamosi mbele ya bibi harusi, ungebadilisha betri, ungebadilisha chaneli, ungeilaumu risiva, na risiva ya watu haina kosa.

Nikairudisha kauntani. Hakufurahi.

Basi kwenye kifurushi nimekuwekea flashi yangu, YN560 III, na betri nane za kuchaji, nne za kutumia na nne za akiba. Triga zake, zile RF-603, nimezibakiza huku kwa sababu nazo zinakitegemea kidoti hichohicho. Hii utaiwasha kwa flashi ndogo ya kamera yako, ile inayochomoza juu ya lenzi. Ikiuona ule mwanga tu, nayo inawaka. Shilingi haitoki, ila njia hii ina masharti yake, nami nayaeleza kwa kirefu maana yalinitesa miezi.

Kubwa ni hili. Kamera yako haipigi mwanga mara moja. Inatangulia kutoa mmweko mdogo wa kupima, kisha unakuja wenyewe, na viwili hivyo vimefuatana karibu mno hata kwa macho unaona kimoja. Flashi ya pembeni ina hali mbili za kuitikia mwanga, S1 na S2. Ukiiweka S1 inauitikia ule wa kwanza, inamaliza moto wake shata bado haijafunguka. Utaapa kwamba umeiona ikiwaka, na picha inatoka giza. Kwa hiyo weka S2. Hiyo inauacha wa kwanza upite, inauitikia wa pili. Taa ya kupunguza macho mekundu izime kwenye menyu. S2 ikikugomea, rudi S1, kisha kabla ya kupiga bonyeza kitufe cha nyota. Mmweko wa kupima unatoka hapohapo, flashi ya pembeni nayo itawaka bure. Isubiri ijae tena, ndipo upige.

Jicho la flashi ya pembeni liko mbele, penye kioo chekundu. Upande huo uelekeze kwenye kamera, halafu kichwa ukizungushe kwa watu. Watu wengi wanafanya kinyume. Flashi ndogo ishushe nguvu mpaka −2 ili iwe ya kuamsha tu, isiwang'arishe watu vipaji vya nyuso. Kamera anzia M, kasi ya shata 1/160, f/5.6, ISO 400, na nguvu ya flashi kwenye 1/8, kisha ongeza au punguza ukiangalia picha. Usivuke 1/200, huo ndio mwisho wa kamera yako kwa flashi.

Pale itakapokuangusha ni nje juani. Nilipiga wachumba ufukweni Bagamoyo saa sita mchana, nikiwa mita chache tu, na flashi haikuona kitu. Jua lilikuwa limeufunika mmweko wote. Ukiwa nje, subiri jioni au waingize kivulini. Na ukumbini, wapiga picha wengine wakiwasha flashi zao na yako itawaitikia. Mimi betri ziliniishia kabla keki haijakatwa kwa sababu hiyo. Taa ya mtu wa video haina shida, hiyo inawaka muda wote. Ongea na wenzako mapema, na kila mkipumzika zima ya kwako.

Tukirudi kwenye pesa. Triga ya redio ndiyo dawa ya kudumu, hilo sibishani nawe. Kuna triga ya Godox X2T ya Canon, ambayo inaweza kufanya kazi na kamera zisizo na kidoti cha kati, na flashi ya TT600 ina risiva yake ndani, kwa hiyo hununui risiva. Ila duka la jirani wameniambia X2T peke yake ni laki na themanini, na YN560 yangu haielewani nayo, lazima flashi na triga ziwe za ukoo mmoja. Singependa kununua kabla haijachomekwa juu ya kamera yako ikawaka mbele yetu. Ukija mwezi ujao, njoo na kamera, twende pamoja.

Halafu ile flashi ya Vivitar 283 ya marehemu mzee, tafadhali usimwazime mtu. Baadhi ya zile za zamani zina volti zaidi ya 200 pale mguuni, na kamera ya kisasa yenye kidoti cha kati inaweza kuungua. Kamera yako imesalimika kwa upungufu uleule ninaoulalamikia.

Umekitazama kidoti? Usinijibu kwa kukisia, nipigie picha ya karibu. Ukumbi wenyewe ni upi, ule wa dari nyeupe au ule wanaoutundika vitambaa vyekundu? Dari ikiwa nyeupe, ielekeze flashi juu, utanikumbuka. Mtakuwa wapiga picha wangapi? Stendi unayo, au kuna kijana wa kukushikia? Pesa nikurudishie, au nikae nayo kama mwanzo wa X2T? Na mguu wa mama unaendeleaje, alikwenda kliniki? Mbona Salma hasemi chochote siku hizi?

Nijibu kesho usiku, kifurushi kikishafika, ili Ijumaa tukijaribu pamoja kwa simu.

Ni mimi nduguyo,
Rajabu