Muflisi aambiwe ni nani anayeshika kesi yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloumiza nyumba nyingi hapa Pwani, na wenyewe hulificha kwa sababu ya haya. Mtu akishatangazwa muflisi na Mahakama Kuu, hakuna anayemkalisha chini akamwambia: kuanzia leo kesi yako inashikwa na fulani, ofisi yake ni hii, simu yake ni hii. Anapewa karatasi ya amri iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kisha anaachwa ahangaike.

Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake iko Kisauni. Alikuwa akitengenezea hoteli vitanda na makabati, na kwa kazi hizo alichukua mbao kwa mkopo na pesa za benki. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, oda zilifutwa, na vitanda vilivyokwisha kupakwa vanishi vikabaki vimeegemezwa ukutani. Madeni hayakufutwa. Mdai mmoja alileta notisi ya kisheria ya kumtaka alipe ndani ya siku 21, na zilipopita akaenda mahakamani. Jaji alisikiliza pande zote, akatoa amri. Jaji simlaumu, alifuata sheria.

Baada ya hapo ndipo tulipopotea. Karani wa masjala alisema faili iko kwa jaji. Jaji naye haonani na mtu ofisini, na ni haki asionane naye. Mume wangu akampigia wakili ambaye jina lake limepigwa chapa chini ya ile karatasi. Alikuwa kijana mpole, akasikiliza, kisha akauliza maswali mengi: shamba la marehemu baba mkwe kule Kilifi, nani analilima, hati iko kwa nani. Mume wangu akayajibu yote akiamini anazungumza na mtu wa mahakama. Kumbe ni wakili wa mdai. Hakusema uongo hata mara moja, maana kazi yake ni kumtetea mteja wake. Lakini nani alimweleza fundi huyu kwamba wakili huyo si wake?

Halafu wakaja madalali. Waliitaka mashine ya kuranda mbao. Nilipofika karakana walikuwa wameshautoa mkanda na wanafungua nati zinazoishika mashine sakafuni. Mpwa wangu anayesomea sheria ndiye aliyekuwa amenitajia Mpokezi Rasmi, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya ufilisi, na kunitafutia namba ya afisa wa huko. Nikapiga hapohapo. Afisa akaniomba nimpe simu kiongozi wao. Walizungumza kwa muda, yule dalali akiitikia tu, halafu akawaambia vijana wake wakaze nati. Afisa alinieleza baadaye kwamba amri ya ufilisi ikishatolewa, mdai asiye na dhamana, yaani asiyeshikilia mali yoyote ya mdaiwa kwa ajili ya deni lake, hawezi kuendelea kukamata mali bila ruhusa ya mahakama, na kwamba vifaa vya kazi muflisi anaruhusiwa kubaki navyo hadi thamani iliyowekwa. Simu hiyo moja ndiyo iliyotuachia riziki. Na tuliipata namba kwa bahati ya kuwa na mtoto chuoni!

Kwa hiyo nawaeleza wenzangu ninavyofahamu sasa. Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, Sura ya 53. Jaji wa Mahakama Kuu ndiye anayetoa amri, na pakitokea mzozo mkubwa utarudi kwake. Lakini shughuli za kila siku si zake. Mali ya muflisi huhamia kwa msimamizi wa ufilisi, ambaye ni Mpokezi Rasmi mwenyewe au mtaalamu aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, na hao wataalamu huidhinishwa na Mpokezi Rasmi huyohuyo. Ofisi ya Mpokezi Rasmi iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, ni ofisi ya serikali. Msimamizi ndiye anayekusanya mali, anayeitisha mkutano wa wadai, anayekagua madai na kuwagawia wanaostahili. Mdai akikupigia simu usiku kukutishia, mpe jina la msimamizi. Ukihama nyumba, msimamizi ndiye wa kumjulisha. Huyu si wakili wako, wala si wa mdai. Anatakiwa awe mwadilifu kwa pande zote, na wewe unatakiwa umweleze ukweli wote.

Benki iliyoshika hatimiliki ya nyumba ni habari nyingine. Mwenye dhamana anaweza kuiuza dhamana yake hata baada ya amri, kwa hiyo mazungumzo na benki yasisimame kwa kudhani kwamba ufilisi umeifunga mikono.

Kuna fomu moja ambayo naisema kwa mkazo kwa sababu ndiyo inayoamua mtu atatoka lini kwenye ufilisi. Ni taarifa ya hali ya kifedha: unaandika mali yako, kipato chako na kila unayemdai au anayekudai. Sisi tuliijaza mezani, tukaingiza mpaka deni la duka la gundi na misumari. Muflisi anaachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3, isipokuwa msimamizi au mdai akipinga, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu siku taarifa ilipowasilishwa, si tangu siku ya amri. Jirani yetu mmoja alitangazwa muflisi zamani kuliko mume wangu, na fomu yake bado iko kabatini kwa sababu hajui ampelekee nani. Saa yake haijaanza kwenda. Ukiiwasilisha, dai nakala yenye muhuri na tarehe.

Pia wapo ambao hawakupaswa kufika kwa jaji kabisa. Mtu asiye na mali ya kuuzwa, na madeni yake yote ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, anaweza kuomba kwa Mpokezi Rasmi utaratibu wa wasio na mali. Akikubaliwa, na asipovunja masharti, madeni yanayohusika huondolewa baada ya miezi 12. Ni mama wangapi wa Kongowea waliofungiwa vibanda wanalijua hilo? Nimewauliza wengi sokoni, na sijakutana na aliyewahi kulisikia.

Pengo hilo la habari lina watu wanaolila. Alikuja nyumbani bwana mmoja amevaa kitambulisho shingoni, akajiita mtu wa ofisi ya ufilisi, akataka pesa ili “faili ifungwe mapema”. Nilimwomba jina lake kamili na namba ya kesi. Namba hakuijua, akaondoka akisema atarudi na mkubwa wake.

Ombi langu kwa Mahakama na kwa Huduma ya Usajili wa Biashara ni dogo na gharama yake ni karatasi. Kila amri ya ufilisi iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi. Uandikwe jina la msimamizi, ofisi na simu yake. Useme wazi kwamba wakili aliyetajwa kwenye amri ni wa mdai. Useme taarifa ya hali ya kifedha ipelekwe wapi, na kwamba miaka 3 inahesabiwa kuanzia hapo. Msimamizi akibadilishwa, muflisi atumiwe ukurasa mpya. Ukurasa huo ubandikwe pia kwenye vituo vya serikali vya Huduma Centre, Mombasa, Kwale, Kilifi, hadi Lamu, kwa sababu si kila mtu ana nauli ya kwenda Nairobi kuuliza jina la mtu.

Na maafisa wapokee simu, kama yule alivyopokea yangu.

Mke wa fundi seremala,
Kisauni, Mombasa