Msitulazimishe kununua programu ya marejeo

Mhariri,

Nasoma uzamili wa kilimo. Mwenzangu ameambiwa na msimamizi wake atumie EndNote tu, programu ya kulipia ya kutunza na kupanga marejeo ya vitabu na makala unazozitaja kwenye tasnifu. Hela ya leseni hana, kwa hiyo anazunguka vibanda vya stesheneri akitafuta nakala ya wizi, na flashi yake sasa imejaa virusi.

Zotero, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni ya bure, ipo tangu 2006, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ukishaipakua inafanya kazi hata bando likiisha. Nafasi ya bure ya mtandaoni ni MB 300 tu, hilo nakubali, ila makala zako zinabaki kwenye kompyuta yako. Mendeley nayo ni ya bure, lakini tangu 2013 ni mali ya Elsevier, wachapishaji wa majarida. Mimi binafsi sipendi maktaba yangu ishikwe na muuzaji.

Msimamizi aendelee na EndNote yake. Mwanafunzi atamtolea marejeo kwa faili la RIS, aina ya faili ambayo programu za marejeo hupeana, na EndNote italisoma. Idara ziseme mtindo wa marejeo zinaoutaka, programu watuachie wenyewe.

Mwanafunzi wa uzamili,
Morogoro