Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu vinasaba vya ugonjwa wa Parkinson

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUWAINGIZA WAZEE WA TANZANIA KATIKA UTAFITI WA VINASABA VYA PARKINSON

Ninamuuguza mzazi mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaowapata zaidi watu waliovuka miaka 60, ukawaletea mtetemeko, viungo kukakamaa na mwendo wa kuburuta miguu. Ombi langu ni kwamba wazee wetu wapimwe vinasaba hapa nchini, kwa kuwa majibu mengi tunayoyategemea yametokana na damu ya watu wa mbali.

Kwa miaka mingi utafiti wa urithi wa ugonjwa huu uliegemea watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria na wenzao wa Uingereza na Marekani walitangaza badiliko katika jeni (kipande cha vinasaba) iitwayo GBA1, ambalo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja mafuta fulani ndani ya seli, na utendaji wake ukipungua, seli za ubongo zinazozalisha dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, huwa katika hatari zaidi. Aliyerithi nakala moja ya badiliko hilo ana uwezekano wa kuugua wa karibu mara moja na nusu ya asiye nalo, na mwenye nakala mbili karibu mara tatu na nusu. Hata hivyo, wengi wanaolibeba hawataugua kamwe, na jambo hili lazima familia zielezwe kwa uangalifu mkubwa, maana ugonjwa ukishasemwa kuwa ni wa ukoo huweza kuharibu hata posa za wajukuu.

Je, Wachaga, Wasukuma, Wamakonde na watu wa Pwani wanalo badiliko hilo, na kwa kiasi gani? Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lingine lolote, hivyo jibu la Lagos haliwezi kuwa jibu la Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Na Hai tayari imetufundisha jambo: utafiti uliofanyika wilayani humo na kuchapishwa mwaka 2008 ulipata wagonjwa 33 katika wakazi wapatao 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na tabibu yeyote, ilhali levodopa, dawa inayorudisha uwezo wa kutembea na kujilisha, imetumika duniani tangu miaka ya 1960. Nyumbani kwetu, kabla daktari hajautaja ugonjwa, majirani walikwisha kusema mzee amerogwa.

Ujuzi wa vinasaba tunao, kwani Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima kila mara kwa ajili ya mashauri ya ubaba na ya jinai. Naomba Wizara iikutanishe na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Muhimbili na hospitali ya rufaa ya KCMC ya hapa Moshi, ili sampuli zichukuliwe kwa hiari, taarifa zake zilindwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na matokeo yarejeshwe kwa familia na mtu aliyefunzwa kuyaeleza. Naomba pia asiombwe damu mzee yeyote ambaye hospitali ya wilaya yake haina levodopa kwa bei anayoimudu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi, Moshi