Shilingi 2,500 kwa Nati Moja

Mama mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, alinitumia ujumbe wa sauti juzi usiku, baada ya isha. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya mgomvi. "Mwanangu, mimi nimekuamini. Umekaa jikoni kwangu saa mbili, umebadilisha kidude cha shilingi mia tano, ukaniambia elfu mbili na mia tano. Nati moja! Si kunionea huko?" Nilimpigia asubuhi yake, tukazungumza tukaelewana. Lakini lalamiko hili si lake peke yake. Mwezi haupiti bila mteja kunipigia hesabu hii hii, na mimi inaniuma, kwa sababu kazi yangu ya ufundi bomba naifanya kwa uangalifu. Basi naieleza hapa, ili anayeniita ajue analipia nini.

Kilichokuwa kikivuja kwake ni maungio ya engovalvu, ile valvu ndogo chini ya sinki inayotoka ukutani na kushika fleksibo, lile bomba jembamba linalopindika la kupeleka maji kwenye mfereji. Ilianza kwa tone moja moja. Kijana wake akaikaza kwa spana, ikatulia siku mbili. Iliporudi akaikaza tena, safari hii akaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Mara ya tatu akazungusha tepu nyeupe juu ya nati kwa nje, kisha akapaka epoksi juu ya yote. Nilipofika nilikuta donge kubwa kama ngumi, na maji yanapita kwa nyuma yake, yanateremka na ukuta hadi kwenye kabati. Mbao za chini zilikuwa zimekwisha vimba.

Katika zile saa mbili, saa nzima ilikwenda kwa kubandua. Epoksi ikishakauka haifunguki kwa spana. Inachongwa kidogo kidogo kwa patasi, na kila ukigonga unaomba Mungu elbo ya PPR, ile kona ya bomba la plastiki iliyo ndani ya ukuta, isipasuke. Valvu ingeletwa kwangu ikiwa bado inadondoka tu, bila kupakwa kitu, ningekuwa nimemaliza kuifunga kwa nusu saa na bei ingekuwa chini ya hiyo.

Engovalvu ina ncha mbili, na kila moja huziba kwa njia yake. Watu wengi hawalijui hili, na hata vibarua wengine hawalijui. Ncha inayoingia ukutani huziba kwa nyuzi zake, ile mistari ya kuzungushia, na hapo ndipo tepu nyeupe, au katani na dawa yake, inapofanya kazi. Ncha inayoshika fleksibo huziba kwa washa, pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya nati. Nyuzi za hapo kazi yake ni kuvuta tu, washa ikalie sawasawa kwenye mdomo wa valvu. Tepu ukiiweka hapo haizuii maji, na ikiwa nene huizuia nati isifike mwisho. Washa iliyokauka au kukatika dawa yake ni washa mpya ya shilingi ishirini. Ukikaza zaidi unaikata, na ndiyo maana kijana wa Tudor alipata siku mbili za ukavu halafu maji yakaja kwa nguvu kuliko mwanzo.

Ile ncha ya ukutani nayo ina adabu zake. Tepu ya zamani yote itoke, nyuzi zisuguliwe kwa brashi ya waya, tepu mpya izungushwe kufuata upande ambao valvu itazungukia wakati wa kuingia. Ukiizungusha kinyume, inajikunja na kusukumwa nje wakati unakaza, na utaiona inaning'inia mdomoni kama uzi wa nguo. Na valvu ikishaingia usiirudishe nyuma hata kidogo eti ili ikae wima. Ukiirudisha umeivunja ile ziba. Ifungue, usafishe, uanze upya. Mimi huanza upya hata mara tatu ikibidi, na mteja aliyekaa akinitazama hudhani sijui kazi.

Spana lazima ziwe mbili. Moja inashika mwili wa valvu usitembee, nyingine inageuza nati. Ukitumia moja, nguvu yote ya mkono wako inakwenda kwenye elbo ndani ya ukuta. Bwana mmoja wa Mtongwe alifanya hivyo kwenye valvu ya choo, ile elbo ikapasuka pale plastiki inapokumbatia shaba. Akakimbilia darini kufunga geti valvu ya tangi, ile inayozuia maji ya nyumba nzima, ikakataa kuzunguka kwa sababu haikuguswa miaka. Tangi la lita 1,000 lilimwagika lote ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kisiwa, nikavuka feri, nikakuta godoro liko nje juani. Ilibidi nipasue vigae vinne, nichimbe ukuta, nikate bomba na kuchomelea elbo mpya. Bomba la PPR la milimita 20 huwekwa kwenye mashine yenye nyuzi joto 260 kwa sekunde tano tu, kisha unaunganisha na kutulia bila kutikisa. Alilipa shilingi 11,000 pamoja na vigae. Tone alilokuwa akilifukuza lilitaka washa.

Kanuni hii ya spana mbili haijui nchi. Binamu yangu anaishi Uingereza, ambako baridi hulazimisha nyumba kupashwa joto kwa maji moto yanayozunguka ndani ya radieta za chuma ukutani. Alinitumia video: valvu ya radieta inadondoka pale inapopokea bomba. Radieta hatuna huku, ila maungio ya namna ile nayajua tangu nilipokuwa msaidizi wa fundi kwenye mabomba ya shaba ya hoteli moja ya Nyali. Ndani ya nati mnakaa kipete cha shaba kinachobanwa kati ya bomba na valvu, nacho ndicho kinachoziba. Nilimwambia ashike mwili wa valvu kwa spana moja, ageuze nati kwa nyingine, robo mzunguko isizidi. Ikiendelea kuvuja, afunge valvu za pande zote mbili, aache ipoe, aimwage maji, afungue akitazame kipete. Yeye akakaza kwa hasira hadi kipete kikabonyea, maji meusi yakamwagikia zulia. Maji ya radieta huwa meusi hivyo kwa kutu iliyomo ndani. Alimwita fundi wa huko, na kilichobadilishwa ni kipete na nati.

Sisi wa Mombasa tuna adui mwingine: maji ya chumvi. Maji matamu yanatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta na Baricho kando ya Mto Sabaki, na hayafiki kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zinategemea visima. Shaba ya valvu ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji ya chumvi huila ile zinki polepole, kikabaki kitu chekundu chenye matundu kama mkate wa kumimina. Kwa nje valvu inang'aa. Ukiishika kwa spana inakatika na kuacha nusu yake ukutani. Valvu za bei ya chini ndizo za kwanza kufa. Ipime mkononi kabla hujanunua: nyepesi kama kopo, iache dukani. Mteja akiniletea yake ya shilingi 200 huwa nakataa kuifunga, na hapo ndipo naambiwa nataka faida ya vifaa. Sitaki. Sitaki kurudi.

Halafu kuna mgao. Maji yakikatika, bomba hujaa hewa. Yakirudi hupiga kishindo, na kishindo hicho hupita kwenye kila maungio ya nyumba. Usiku watu wakilala presha hupanda. Valvu iliyokuwa kavu mchana inaweza kudondoka saa nane za usiku. Ndiyo maana siondoki mara tu baada ya kufunga. Nakausha maungio yote, naweka karatasi ya tishu chini yake, nafungua maji, nangoja nusu saa. Tishu ikilowa hata ncha, nafungua tena. Nusu saa hiyo ya kungoja imo ndani ya 2,500, pamoja na valvu nzito, washa, tepu, nauli ya boda, na kurudi bure baada ya siku saba kutazama.

Ukiona tone, funga geti valvu, weka ndoo, kausha pale mahali kwa kitambaa, kisha utazame maji yanaanzia wapi: kwenye nati ya fleksibo, ukutani, au kwenye kishikio cha valvu. Nipigie picha. Kama ni nati ya fleksibo na una spana mbili, badilisha washa mwenyewe, sitakasirika. Usipake kitu chochote. Gundi, epoksi, sabuni ya mche, mpira wa tyubu, vyote nimevibandua, na vyote nimevitoza.

Na kwa hisani yako, panda darini leo ukaigeuze geti valvu ya tangi, uifunge na kuifungua, kisha uifanye hivyo kila mwezi. Ikigoma usiilazimishe kwa renchi, niite wakati hakuna kinachovuja. Ya mama wa Tudor haikuwa imegeuzwa tangu ahamie nyumba ile. Siku ile ilibidi nikazuie maji kwenye bomba la kutokea tangi lenyewe. Tumepanga Jumamosi niende niibadilishe, na bei nimemwambia mapema.