Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, mashabiki wa Arsenal wa mtaani kwetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, dada zetu na vijana, salamu kwenu wote. Hesabu atazisoma mweka hazina, mi leo nataka nizungumzie jambo moja tu ambalo ndo limetushughulisha mwaka mzima, yani pombe na mikeka ya kubeti.

Mnakumbuka tulipohamisha mechi kutoka baa kwenda kibanda umiza, yani banda la kuonyeshea mpira, maneno yalivokuwa mengi. Ndo tukaanza kuwapa vijana habari za Tony Adams, mana wao wanajua tu kwamba ni kapteni aliyebeba ligi 1989, 1991, 1998 na 2002, hawakujua kama jamaa alikuwa mlevi wa kupindukia. Mwaka 1990 aligonga ukuta na gari akiwa amelewa, mwisho wa mwaka akafungwa jela, akatoka akarudishiwa kitambaa chake na akaendelea kunywa vilevile. Hapo ndo familia nyingi zinapopotea, mtu akiwa anaamka anaenda kazini na hela analeta basi wanasema huyu hana shida. Adams aliacha Agosti 1996, baada ya Euro ile ambayo England walitolewa na Wajerumani kwa penati, na mwezi uliofuata akawaambia wenzake kikosini kwamba yeye ni mlevi. Miaka miwili baadae tukachukua ligi na FA, na lile goli lake na Everton wazee humu ndani wanaweza kulisimulia hadi kesho.

Lakini mi namheshimu zaidi kwa kilichofuata. Mwaka 2000, bado anacheza, alianzisha na mwenzake Peter Kay kliniki ya Sporting Chance, ili wanamichezo wenye shida ya pombe, madawa au kamari wapate pa kutibiwa kati ya watu wanaowaelewa. Hakusubiri astaafu kwanza.

Sisi kliniki hatuna, ila ada zenu mwaka huu zimemlipia ndugu yetu mmoja soba hausi, yani nyumba ya kuwasaidia watu waache ulevi, jina naliacha, na nyie mmekuwa mkienda kumwona Jumapili kwa zamu. Karudi, mzima, na sa hivi yeye ndo anakaa na madogo wa bodaboda wanaopeleka hesabu ya bosi kwenye mikeka, na wanamsikiliza kuliko wanavonisikiliza mimi, mana anajua uongo wote mtu anaojidanganya nao. Mwingine alitoka kabla hajamaliza na amerudia kunywa, naombeni sana asichekwe na asitengwe, kiti chake kipo na tutamlipia tena akiwa tayari.

Na hili nawasisitizia hasa kina mama mlio na mlevi nyumbani: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka usimfungie ndani eti aache leo leo, anaweza kutetemeka, akapata degedege hata akafa, mpelekeni hospitali kwanza, soba hausi baadae.

Msimu ujao tunaendelea na kibanda, kamati imeshakubali. Anayetaka kuingia zamu ya Jumapili aandikishe jina kwa katibu leo hii kabla hajaondoka, na ambao ada hamjamaliza mmalizie, mana kuna kijana ameshaomba kwenda soba hausi, na mama yake hana kitu.