Vibarua hupigwa kalamu kabla sheria haijawafikia

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako anayetaka sheria za kuwalinda wafanyakazi zilegezwe ili waajiri wapate moyo wa kuandika vijana. Anasema mtu ambaye ni shida kumtoa huwa ni shida pia kumwingiza. Hapo sina ubishi naye, nimeyaona kwa macho yangu. Tunaachana anapodhani kwamba sheria ikiondoka mlango utafunguka wenyewe. Mlango huo nimeulinda miaka 11, na ningependa aelezwe unavyofanya kazi.

Nilikuwa mnyapara katika kiwanda cha plastiki hapa Changamwe. Tulitengeneza ndoo, mabeseni na viti. Saa kumi na mbili asubuhi watu zaidi ya mia husimama langoni, vitambulisho mkononi, nami natoka na daftari kuchagua arobaini. Daftari lilikuwa na jina, nambari ya kitambulisho na vijistari vya siku alizofanya mtu. Mkubwa wangu alinipa kalamu nyekundu na agizo moja tu: mtu akifikisha siku 22, mzungushie duara. Duara maana yake "apumzike". Hapewi barua wala haambiwi kosa. Kesho yake akija langoni unamruka kwa macho kama hujawahi kumwona. Baada ya wiki mbili tatu anaruhusiwa kurudi, na vijistari vyake vinaanza upya.

Sababu ya duara ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja, au akiwekwa kwenye kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, mkataba wake hugeuka kuwa wa mwezi hata kama hakuna aliyetia sahihi popote. Kuanzia hapo huwezi kumwondoa bila notisi ya siku 28 kwa maandishi. Akipitisha miezi 2 mfululizo anastahili masharti yote ambayo angepata kama angeandikwa kikamilifu tangu siku ya kwanza. Ukimshuku kwa kosa, kifungu cha 41 kinataka umwite, umweleze kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake aliyemchagua, umsikilize ndipo uamue.

Basi hesabu ya mkubwa wangu ilikuwa rahisi. Siku ya 22 mtu huyu anaondolewa kwa kuinua kidevu. Wiki chache mbele anaondolewa kwa barua, kikao, notisi, na pengine kesi. Nani angengoja wiki hizo zifike?

(Ukikisoma kifungu hicho kwa makini utaona hila yenyewe ina tobo. Kazi ya kutengeneza ndoo haiishi kwa miezi 3, haiishi hata kwa miaka 30, kwa hivyo wale wote walistahili mkataba wa mwezi bila kujali mapumziko. Lakini niambie ni kibarua gani atakayekwenda mahakamani kulisema hilo ilhali kesho alfajiri anataka niangalie upande wake pale langoni.)

Kulikuwa na kijana mmoja wa Mazeras aliyekuwa akisimamia mashine ya ndoo za lita 20. Hakusoma sana, ila alijua plastiki inapokaribia kuungua kwa harufu, kabla taa ya mashine haijawaka. Alikuwa akipunguza moto, anafungua kalibu, anafuta kwa kitambaa, anaendelea. Siku yake ya 22 nikamzungushia duara. Aliyewekwa badala yake alikuwa mgeni wa mashine hiyo; siku ya tatu aliiachia plastiki ikaungua ndani, ikagandamana na kalibu. Mashine ilisimama siku mbili, mafundi wakiigonga na kuikwangua. Jioni nilikaa kwenye kreti nikapiga hesabu nyuma ya daftari: ndoo ambazo hazikutoka siku hizo mbili zingemlipa kijana yule mshahara wa miezi kadhaa, likizo yake ikiwemo. Nilimwonyesha mkubwa. Akatazama, akasema, "Hii ni hasara ya mara moja. Ile nyingine ingekuwa ya kila siku." Duara likaendelea.

Nasimulia haya kwa sababu msomaji wako anazungumza kana kwamba ulinzi wa kazi ni uzito mmoja unaoweza kupunguzwa au kuongezwa kwenye mizani. Wenye kazi hawauoni hivyo. Wanauona kama mstari uliochorwa chini. Upande huu wa mstari mtu hana chochote, upande ule ana kila kitu, na mwajiri mwenye akili timamu huwasimamisha watu hatua moja kabla ya mstari. Mahakama zimejaribu kuurudisha nyuma. Sheria ya 2007 ilisema mtu hawezi kulalamikia kufutwa kazi kusiko kwa haki mpaka awe amefanya kazi miezi 13 mfululizo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2021 mahakama ya ajira ikaamua kwamba hata aliye katika kipindi cha majaribio ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa. Nakubaliana na maamuzi yote mawili. Lakini hayakumgusa aliye langoni.

Wala si sisi tu. Uhispania iliruhusu mikataba ya muda kwa wingi mwaka 1984 huku ikiacha gharama kubwa ya kuwaondoa waajiriwa wa kudumu. Kufikia miaka ya 1990 karibu thuluthi moja ya waajiriwa walikuwa wa muda. Mzozo wa kiuchumi ulipoingia mwaka 2008 walioanza kumwaga unga ni hao, wengi wao vijana, na mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi yote, yaani walio kazini pamoja na wanaotafuta, hawakuwa na kazi. Wachumi wamelipima jambo hili nchi baada ya nchi. Wengi wanaafikiana kwamba gharama ya kufukuza hupunguza kuingia na kutoka kwa pamoja. Kama inaongeza idadi ya wasio na kazi kwa jumla, hapo bado wanabishana. Kwangu swali la pili halina uzito kama lile la nani anabaki nje ya mlango.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana siku hizi mimi mwenyewe ni mwajiri. Nilipotoka kiwandani nilifungua karakana ya kuchomelea huko Mikindani: mageti, madirisha ya grili, vitanda vya chuma. Nina vijana sita. Miaka michache iliyopita nilimkamata mmoja akiuza vipande vya vyuma vyangu kwa mnunuzi wa chakavu. Nikamfukuza palepale, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Alikwenda kwa afisa wa leba. Wizi ulithibitika, hata yeye hakuukana. Lakini sikumwita, sikumsikiliza, sikuandika hata mstari mmoja. Tulipatana nilipe mishahara ya miezi 4 nikanyamaza, kwa sababu niliambiwa nikishindwa mahakamani fidia inaweza kufika miezi 12.

Uchungu ulinikaa muda. Baadaye nikatulia nikajiuliza ni gharama gani hasa iliyonitafuna. Kumsikiliza yule kijana kungenichukua nusu saa chini ya mwembe, akiwa na mwenzake mmoja, na ukurasa mmoja wa karatasi. Utaratibu haukuwa ghali. Kilichokuwa ghali ni kwamba sikuujua, na hiyo "hadi miezi 12" ambayo inaweza kuwa mwezi mmoja au mwaka mzima kutegemea siku hiyo jaji ameonaje. Kampuni kubwa ina wakili na ofisi ya wafanyakazi. Inajua bei ya kila kosa. Fundi wa Mikindani anasikia fununu tu, na fununu humtisha mtu kuliko bei.

Hofu hiyo ilibadilisha jinsi ninavyoandika watu. Tangu siku ile sijamchukua mtu nisiyemjua. Wa mwisho niliyemwandika ni mtoto wa dada yangu, ambaye kwa kweli mkono wake si mzuri, lakini najua kwamba tukikosana tutaamuliwa na mama yake. Mkienda kwenye karakana za jirani mtakuta hivyo hivyo: shemeji, binamu, mtoto wa mwenye nyumba. Tunalalamika kwamba kazi nchini ni za kujuana, na tunadhani sababu ni roho mbaya. Sehemu yake ni hii. Mtu anayeogopa kumtoa mgeni humchukua ndugu.

Kwa hivyo sitaki sheria ilegezwe kama anavyotaka msomaji wako. Kabla ya 2008, sheria hii ilipoanza kutumika, mwajiri aliweza kumwaga mtu kwa notisi tu bila kutoa sababu, na sikumbuki malango ya Changamwe yakiwa na watu wachache zaidi. Ninachotaka ni huo mstari ufutwe na badala yake kuwe na mteremko. Siku za mtu katika mwaka zihesabiwe zote pamoja, awe amepumzishwa au hakupumzishwa, na kila siku impe kitu kidogo. Duara la kalamu nyekundu halitakuwa na faida tena, kwa kuwa siku ya 23 haitakuwa na gharama kubwa kuliko ya 22.

Austria walifanya jambo la namna hii. Zamani kiinua mgongo chao kilianza baada ya miaka 3 kazini, kwa mishahara ya miezi 2, kikapanda hadi miezi 12 kwa aliyetimiza miaka 25, na aliyeacha kazi mwenyewe hakupata kitu. Kwa mikataba iliyoanza 2003, mwajiri anaweka asilimia 1.53 ya mshahara kila mwezi kwenye akaunti ya mfanyakazi, na akihama anaondoka nayo. Siku ya kuachana hakuna bili kubwa inayomngoja mtu. Sisi tunalipa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, tena kwa wanaopunguzwa tu, na bili yote inakuja wakati biashara imekwisha kuyumba. Makato ya NSSF yapo tayari, njia ya kupitishia haihitaji kuvumbuliwa.

Na kwa wadogo kama mimi, Wizara ya Leba ichape ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaoeleza namna ya kuachana na mtu kihalali, upewe kila anayelipia leseni ya biashara kaunti. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Viwango vya fidia kwa kosa la utaratibu pekee, pale kosa la mfanyakazi limethibitika, viwekwe wazi, viwe vidogo, vijulikane mapema.

Jana alikuja kijana karakanani na begi la vifaa vyake mwenyewe, kofia ya kuchomelea ikining'inia begani. Simjui, hatuna ukoo. Nilimpa kipande cha chuma achomelee nione, na kiungo kilitoka laini kuliko vya mpwa wangu. Nimemwambia arudi Jumatatu. Kwa siku ngapi, sikumwambia.

Mnyapara wa zamani,
Mikindani, Mombasa