Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na ile safari yetu ya Ripley

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za siku.

Mambo ya hela mtasomewa na mhazini, mimi niseme tu michango ya misiba mmeitoa kwa moyo na hakuna aliyefiwa akaachwa peke yake, asanteni sana. Kikao cha Februari hakikufanyika, theluji ilitufungia ndani.

Sasa safari ya Ripley, hapa hapa Ohio, ambako watumwa wa Kentucky walikuwa wanavuka mto kutoroka. Wengi mliuliza kwenye grupu kwanini tupande basi toka Cincinnati kwenda kijiji cha watu kama 1,600 badala ya kuwapeleka watoto kwenye mabembea. Kijiji chenyewe kimekaa ukingoni kabisa mwa mto Ohio, nyumba zinatazama maji, nyuma kilima kimesimama, na ng'ambo unaiona Kentucky mpaka miti yake, na huko Kentucky ndo watu walikuwa wanauzwa. Na hili liliniingia sana, kwamba mpaka wa majimbo haya mawili haukupita katikati ya mto, ulikuja hadi ukingo wa huku, yaani mtu akiwa bado kwenye maji yupo nchi ya utumwa mpaka akanyage tope la Ohio. Na hata akishakanyaga bado, maana sheria ya 1850 iliwaruhusu wenye watumwa kumfuata na kumkamata, ndo maana wengi walisonga mbele mpaka Kanada.

Mto wa leo ni mpana sababu ya bwawa la Meldahl la miaka ya 1960, zamani ulikuwa mwembamba, kiangazi unapungua na baridi ikikaza unaganda. 1838 mama mmoja mtumwa alivuka na mwanae juu ya barafu huku inameguka, akapokelewa kwenye nyumba ya mchungaji John Rankin huko juu kilimani. Rankin alikuwa na watoto 13, na usiku taa ilikuwa inaachwa dirishani ili wanaotoroka waione toka ng'ambo. Tulipanda ngazi za kwenda pale, bibi yetu mmoja alipumzika mara tatu na akakataa kushikwa mkono, alipofika dirishani akashika fremu akatazama mto muda mrefu bila neno, hata watoto walinyamaza.

Chini mtaa wa Front ndo kwa John Parker. Aliuzwa akiwa na miaka 8, akaswagwa kwenye minyororo toka Virginia mpaka Alabama, 1845 akajinunua mwenyewe kwa dola 1,800, akaja Ripley akawa na karakana yake ya kusubu chuma, mchana kazini, usiku anapiga kasia kwenda Kentucky kuwatoa watu, na akikamatwa kule ni kifo. Mtu mweusi huyo, na baadae akapata hataza, yaani hati za uvumbuzi, za mashine zake! Watoto wetu wanasoma shule za Ohio hii hii na wengi walikuwa hawajamsikia, mimi iliniuma.

Kamati inaomba turudi mwezi wa kumi kabla baridi haijaanza. Wazee wasioweza ngazi wasiogope, gari inafika mpaka juu. Majina mpeni katibu mapema, basi lina viti 40 tu.